Mtu wa Pwani akihamia Nairobi anahema kwenye ngazi: ni mapafu, ni damu, au ni miguu tu?

#1 MwanaLikoni
Hamjambo wenzangu. Mie ni mwaka wa kwanza wa uuguzi hapa Nairobi, kwetu Likoni. Leo mwalimu wa fiziolojia katuachia swali moja la kwenda kufikiria: mwanafunzi mwenye afya anatoka Mombasa kwa treni, anafika Nairobi jioni, asubuhi yake anapanda ngazi hadi ghorofa ya nne na akifika juu anahema kuliko wenzake waliokulia huku. Eleza kinachoendelea mwilini mwake. Darasa zima likanigeukia mimi. Hosteli yetu ni hiyo hiyo ghorofa ya nne, na nikifika ya tatu nishashika ukuta, moyo nausikia masikioni, wenzangu wa Kiambu wananipita wakipiga gumzo na ndoo za maji mkononi.

Kikundi chetu kimegawanyika. Mmoja asema mapafu, mwingine damu, mwingine asema sijazoea ngazi basi. Nataka kuelewa sababu yenyewe, jibu la kukariri sitaki.

#2 Fibula_Kushoto
Rahisi hiyo. Nairobi oksijeni ni kidogo hewani. Mombasa ni asilimia 21, huku juu inashuka hadi 17 hivi. Andika hivyo uchukue alama zako.

#3 Kipimo
Nafundisha fiziolojia, hiyo 17 siwezi kuipita nikanyamaza. @Fibula_Kushoto, asilimia haibadiliki. Ni 21 Mombasa, 21 Nairobi, na 21 hata ukisimama kileleni Mlima Kenya. Kinachoshuka ni shinikizo la hewa yote kwa jumla. Usawa wa bahari ni milimita 760 za zebaki. Nairobi, kwa mwinuko wa mita 1,700 hivi, ni karibu 620.

Chukueni kalamu. Hewa ikipita puani inapashwa joto na kutiwa unyevu, na mvuke huo wa maji unachukua milimita 47 peke yake. Mombasa: 760 toa 47, mara 0.21, unapata 150. Nairobi: 620 toa 47, mara 0.21, unapata 120. Yaani 30 zimekwisha kupotea kabla hewa haijafika kwenye vifuko vya mapafu. Ndani ya vifuko kuna kabonidioksidi, kwa kawaida 40. Igawe kwa 0.8, ambayo ni uwiano wa kabonidioksidi inayotolewa kwa oksijeni inayotumika, unapata 50, nayo itoe. Mombasa inabaki 100. Nairobi inabaki 70.

Sasa angalieni kazi ya kuhema. Ukipumua zaidi kidogo hadi kabonidioksidi ishuke kutoka 40 hadi 36, unatoa 45 badala ya 50, na oksijeni inapanda kutoka 70 hadi 75. Kwa hivyo kuhema kwa MwanaLikoni kunaweza kuwa ndiyo dawa ambayo mwili wake umejipa. Wanafunzi wengi huandika kuhema kama ugonjwa na kuishia hapo.

#4 Chapo_Madondo
Fibula ameanza na jibu moja, mwalimu amekuja na hesabu tano 😀 Asante mwalimu, nimenakili zote.

#5 Fibula_Kushoto
Nimesoma, asante. Lakini bado tunarudi palepale: oksijeni inayomfikia ni pungufu. Njia ndiyo tofauti.

#6 Tezi_Dundumio
Hapana, hatujarudi palepale. Mimi ni mwaka wa tatu udaktari na nadhani #3 ameishia katikati ya safari. Shinikizo kwenye vifuko ni 70, sawa. Lakini swali ni damu imebeba kiasi gani, na hapo mambo hayaendi kwa mstari ulionyooka.

Chukulia molekuli moja ya himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, kama matatu ya viti vinne, na shinikizo ndilo makanga anayesukuma abiria ndani. Makanga wa nguvu 100 anajaza viti karibu vyote, asilimia 97 au 98. Makanga wa nguvu 70 bado anajaza kama 94. Hata akibaki na nguvu 60 bado viti 90 kwa kila 100 vina watu. Chini ya 60 ndipo viti vinaanza kubaki wazi kwa kasi. Ukichora shinikizo dhidi ya viti vilivyojaa, Nairobi iko kwenye sehemu tambarare ya mchoro. Tofauti ya viti vitatu vinne kwa kila mia ndiyo imshikishe binti ukuta ghorofa ya tatu? Mimi sikubali.

Pia, ni nani anayeuambia mwili uheme? Kwa upande wa oksijeni ni vile vijiwili vidogo vya karotidi vilivyo shingoni pale ateri kubwa inapogawanyika mara mbili. Corneille Heymans alipewa Nobeli ya 1938 kwa kazi hiyo. Vinapiga kelele kweli oksijeni ikishuka chini ya 60. Kwa 70 vinanong'ona tu.

#7 Kipimo
Hoja nzuri, na ningependa mwanafunzi wangu aandike hivyo. Lakini umemweka MwanaLikoni kitini, na yeye yuko kwenye ngazi. Mtu akiwa ametulia, chembe nyekundu ya damu inapita kwenye mshipa mwembamba wa pafu kwa takriban robo tatu ya sekunde, muda wa kutosha kujaza. Akifanya kazi nzito muda unaweza kupungua hadi robo sekunde. Mombasa robo hiyo inatosha kwa sababu msukumo ni mkubwa. Msukumo ukiwa mdogo, kujaza kunachelewa, na damu inaweza kuondoka pafuni kabla haijamaliza kujaza. Ile 94 ya mtu aliyekaa isichukuliwe kuwa ndiyo 94 ya ghorofa ya tatu.

Na hivyo vijiwili vya karotidi havina swichi ya kuwaka ghafla kwenye 60. Vinaongeza ishara polepole, kisha kwa kasi.

#8 NesiWaZamu
Samahani nyote wawili, mnapigania vipande vidogo. Ni nani amempima huyu mtoto damu?

Gramu moja ya himoglobini hubeba mililita 1.34 za oksijeni. Msichana mwenye himoglobini 14, yaani gramu 14 kwa desilita ya damu, Mombasa, amejaza 97 kwa mia: ana mililita 18.2 kwa kila desilita ya damu. Mlete Nairobi ajaze 94: anabaki na 17.6. Amepoteza kama nusu mililita. Sasa chukua msichana mwingine mwenye himoglobini 9, umwache hukohuko Mombasa baharini, amejaza 97: ana 11.7. Amepoteza mililita sita na nusu bila kupanda treni yoyote.

Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na wasichana wa chuo wanaokuja wakisema "nahema, moyo unaenda mbio" mara nyingi wana upungufu wa damu. Hedhi nzito, malaria ya mara kwa mara, minyoo, chakula cha hosteli. Na ile tabia ya kushushia sukuma wiki na chai ya rangi papo hapo: chai inazuia madini ya chuma ya mboga yasifyonzwe vizuri. Inywe mbali na mlo.

Mwanangu MwanaLikoni, nenda kliniki ya chuo upimwe damu, na uvute kope la chini mbele ya kioo uone kama kumepauka.

#9 MwanaLikoni
Shukrani dada. Damu sijapima bado. Lakini leo kwenye maabara ya mazoezi tulikuwa na oksimita, kile kidude cha kubana kidoleni kinachoonyesha damu imejaza oksijeni asilimia ngapi, mimi kimenisoma 91, wenzangu 95 na 96. Nimeingiwa na hofu kidogo. Fibula utafurahi.

#10 Fibula_Kushoto
Sifurahii wewe kuwa 91 😟 Ila ndivyo nilivyosema.

#11 NesiWaZamu
Kidole gani? Kina rangi ya kucha? Mkono ulikuwa wa baridi?

#12 MwanaLikoni
Kushoto, cha shahada. Rangi ya kucha sina. Nina piko, tulikuwa na harusi ya binamu yangu kabla sijaja, wamenichovya ncha za vidole vyote vya kushoto. Kulia nina maua mgongoni mwa mkono tu.

#13 NesiWaZamu
Ndiyo hiyo. Oksimita inapitisha mianga miwili kwenye kidole, mmoja mwekundu na mmoja wa infraredi ambao jicho halioni. Himoglobini yenye oksijeni na ile isiyo nayo hufyonza mianga hiyo kwa viwango tofauti, na mashine inalinganisha. Ukiweka piko nyeusi au rangi nzito njiani, unaweza kuuzuia mwanga mmoja kuliko mwingine, na mashine ikatoa namba ya uongo. Rudia kwa mkono wa kulia, kidole cha kati, ukisugue kwanza kipate joto, na usubiri namba itulie ndipo uandike.

#14 MwanaLikoni
Nimerudia. Kulia, cha kati: 95. Nimekwenda tena kushoto: 91, kisha 90, kisha ikakataa kusoma. Kumbe!

#15 Tezi_Dundumio
95. Tambarare ya mchoro, kama nilivyosema #6.

#16 Kilima_Ngong
Mimi ni mkimbiaji na nimekuwa nikisoma hapa kimya. Nyote mmeanzia juu ya kiuno. Mie naanzia magotini.

Kisiwa cha Mombasa na Likoni ni tambarare. Mtu anaweza kuishi mwaka mzima bila kupanda zaidi ya ngazi za kivuko. Kupanda ghorofa nne ni kunyanyua uzito wako wote pamoja na begi. Misuli ya paja isiyozoea inaishiwa haraka na njia ya oksijeni, inaingia ile njia nyingine ya kupata nguvu bila oksijeni, tindikali inazidi kwenye damu, na tindikali ndiyo inayoambia ubongo "pumua". Mlete mtu wa Nairobi anayeshinda ofisini na kurudi kwa gari, atahema vilevile, na amezaliwa hapahapa Pumwani. Kuna kijana wa Mtwapa alijiunga na timu yetu ya mpira akitoka pwani moja kwa moja. Anacheza tangu utotoni. Ngazi hazikumfanya kitu.

Mwinuko una nguvu yake, sikatai. Mexico City 1968, mita 2,240, Kipchoge Keino alichukua dhahabu ya mita 1,500 na Naftali Temu ya 10,000, wakimbiaji wengi wa nchi za chini walikwama. Lakini hao walikuwa kwenye kikomo cha uwezo wa binadamu. Ngazi za hosteli si fainali ya Olimpiki.

#17 Kipimo
@Kilima_Ngong hiyo ya tindikali ni sahihi na watu huisahau. Msukumo mkubwa wa kila siku wa kupumua unatokana na kabonidioksidi na tindikali, oksijeni ni askari wa akiba. Lakini unganisha: uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni huanza kushuka waziwazi karibu na mita 1,500, nasi tuko juu ya hapo. Uwezo ukishuka, ngazi zilezile zinakuwa sehemu kubwa zaidi ya uwezo wako, na tindikali inaanza mapema. Mwinuko na miguu havipingani.

#18 BabaMajengo
Vijana, nimehamia Nairobi kutoka Lamu zamani, watoto nimelelea South C. Hesabu zenu nzuri lakini hakuna aliyeuliza hewa yenyewe ikoje. Asubuhi ya huku ni baridi na kavu. Mwanangu wa pili alikuwa akikimbilia shule anakohoa na kuhema, akishuka Lamu likizo hakuna kitu. Tulizunguka hospitali tukiambiwa moyo, tukiambiwa mapafu ni madogo, mpaka daktari mmoja akampulizisha kwenye kile kibomba kabla na baada ya kukimbia. Ilikuwa pumu, inayoamshwa na baridi na mazoezi. Njia za hewa zinabana. Ongezeni moshi wa matatu barabarani.

Binti, ukihema unasikia mluzi kifuani? Hilo ndilo la kuuliza kwanza.

#19 Chapo_Madondo
Mzee umenena. Na sasa ni Oktoba, jakaranda zimechanua mji mzima, mimi nasema ni chavua ya jakaranda.

#20 Tezi_Dundumio
Jakaranda huchavushwa na wadudu, chavua yake haipeperuki sana kwa upepo. Laumu nyasi kwanza. Ila la BabaMajengo nalichukua kwa uzito.

#21 MwanaLikoni
Mzee shikamoo. Mluzi sisikii, wala sikohoi. Ni pumzi tu na moyo kwenda mbio, nikisimama kidogo inatulia.

#22 BabaMajengo
Marahaba mwanangu. Basi pumu iweke pembeni, usiitupe.

#23 Sakafu_ya_Tatu
Mimi pia ni mwaka wa kwanza, chuo kingine, na nimetoka Malindi. Swali la aibu kidogo: kuna mwingine ambaye tangu aje Nairobi anakwenda haja ndogo kila saa? Sina kisukari, nimepima.

#24 NesiWaZamu
Hakuna aibu hapa. Pwani ulikuwa ukitoa maji kwa jasho mchana kutwa. Huku hutoki jasho, na baridi inasukuma damu kutoka kwenye ngozi kuingia ndani, figo zinaona maji yamezidi zinayatoa.

#25 Kipimo
Na hiyo inaturudisha kwenye swali la MwanaLikoni, kwa sababu figo ziko ndani yake mara tatu na hakuna aliyezitaja.

Ya kwanza ni hii ya #24: ukipoteza maji ya damu, chembe zilizobaki zinaonekana nyingi zaidi. Kwa hiyo himoglobini ikipanda kidogo siku za mwanzo haimaanishi damu mpya imetengenezwa. Ya pili, ukihema unapunguza kabonidioksidi, damu inaegemea upande wa alikali, na ubongo unaanza kuzuia pumzi. Figo zinatoa bikaboneti, ile alikali ya damu, kwenye mkojo kwa siku kadhaa, breki inalegea, unaweza kupumua vizuri zaidi. Ya tatu, figo zenyewe zinahisi upungufu wa oksijeni na kutoa homoni ya erithropoietini, ambayo inakwenda kuamsha uboho wa mifupa. Homoni inapanda ndani ya saa chache. Chembe changa zinaonekana kwenye damu baada ya siku chache. Damu kuongezeka kikweli ni kazi ya wiki. Namna chembe za mwili zinavyotambua oksijeni imepungua ndiyo iliyowapa Kaelin, Ratcliffe na Semenza Nobeli ya 2019.

Nasema haya kwa sababu nasahihisha karatasi nyingi zinazosema "mwili hutengeneza damu zaidi" kuhusu mtu aliyefika jana jioni. Uboho wake ndiyo kwanza umepata barua. Anachotegemea asubuhi ile ni pumzi na mapigo ya moyo.

#26 Fibula_Kushoto
Hii ya #25 imenifungua macho. Sisi tulisoma mapafu muhula mmoja, figo muhula mwingine, na hakuna aliyetuonyesha mlango kati yake.

#27 Chapo_Madondo
Nje ya mada kidogo. Nyie mnakumbukaje yote haya? Mimi anatomia inanimaliza. Mifupa 206, na kila mfupa una vishimo na vichomozi vyenye majina.

#28 Tezi_Dundumio
Chora. Usisome mfupa kwenye picha, uchukue mkononi, ufumbe macho, useme ni wa kulia au kushoto. Mfupa wa paja: kichwa kinaangalia ndani, mstari wenye ukingo uko nyuma, basi umeujua upande. Siku ya mtihani wa vituo kengele ikilia huna muda wa kukumbuka ukurasa.

#29 NesiWaZamu
Na usome na mtu wa kubishana naye. Uzi huu tu umewapa mapafu, damu, figo, misuli na neva kwa swali moja.

#30 MwanaLikoni
Nimerudi na majibu ya kliniki. Himoglobini 11.8. Malaria hakuna. Karani kaniandikia "chini kidogo" basi.

#31 NesiWaZamu
Nilijua! Kwa mwanamke asiye mjamzito mpaka ni 12. Na WHO ina jedwali la kurekebisha kipimo kwa wanaoishi miinuko, maana wa juu wanatarajiwa kuwa na damu nyingi zaidi, kwa hiyo 11.8 ukiwa umezoea Nairobi ni pungufu kuliko inavyoonekana. Waambie wakupime na akiba ya madini ya chuma.

#32 Kilima_Ngong
Dada kwa heshima zote, tumia hesabu yako mwenyewe ya #8. 11.8 mara 1.34 mara 0.95 ni 15. Mwenye 13 angekuwa na 16.5. Mililita moja na nusu hiyo ndiyo imshikishe ukuta? Kama si viti vitatu vya Tezi, mbona iwe hii?

#33 NesiWaZamu
Ni karibu mara tatu ya kile mwinuko ulichomtoa. Na upungufu wa chuma unaumiza misuli yenyewe, si damu peke yake.

#34 Tezi_Dundumio
Jaribio basi. MwanaLikoni na mmoja wa Kiambu mwenye uzito unaokaribiana naye. Begi moja, mwendo mmoja, mapigo yahesabiwe chini, juu, na dakika moja baada ya kufika. Oksimita mkono wa kulia. Kama 95 itabaki 95 juu ya ngazi, Kipimo ana deni la kunieleza.

#35 Kipimo
Nakubali deni. Na ikishuka hadi 90 utanieleza wewe. Lakini rudieni baada ya mwezi, bila hivyo hamtatenganisha kuzoea mwinuko na kuzoea ngazi.

#36 Kilima_Ngong
Hata baada ya mwezi hamtatenganisha, maana atakuwa amepanda ngazi hizo kila siku. Mngepaswa kumhamishia ghorofa ya chini.

#37 MwanaLikoni
Ghorofa ya chini wamejaa, nishaomba 😂 Wa Kiambu amekubali, tunafanya kesho asubuhi kabla ya darasa. Chai nimeisogeza mbali na mlo. Swali moja: nikirudi Likoni Desemba, hiyo damu ya ziada itaenda wapi?

#38 Kipimo
Ukishuka oksijeni inatosha, figo zinapunguza homoni, uboho unapunguza kazi. Chembe zilizopo zinaendelea na maisha yake, kwa kawaida siku 120 hivi. Wapo wataalamu wanaosema chembe changa zaidi huharibiwa mapema kwa makusudi mtu akishuka kutoka mwinuko, na wapo wasiokubali.

#39 Tezi_Dundumio
Mimi ni wa wasiokubali. Nitafungua uzi wake.